Preston Singletary, Mtlingit aliyehamishia michoro ya ukoo kwenye kioo. Tujadili

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu tumeshajadili sana Tingatinga, vinyago vya Kimakonde na milango ya Lamu. Leo naomba tumzungumzie mtu wa huku ninakoishi, jimbo la Washington: Preston Singletary, msanii wa kioo, Mtlingit wa ukoo wa Kaagwaantaan. Wengi wanaoziona picha za kazi zake mtandaoni husifia urembo na kupita. Mimi naona pale kuna somo kubwa kwa yeyote anayefanya sanaa ya kurithi. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Kwanza Watlingit wenyewe. Kwao ni kusini-mashariki mwa Alaska, ule ukanda wa visiwa, ghuba na misitu ya mvua uliopakana na Canada: Sitka, Juneau, Ketchikan, Angoon, Hoonah, Klukwan. Wengine wako bara, Yukon na British Columbia. Jamii nzima ina pande mbili, Kunguru na Tai (kuna wanaouita upande huu wa pili Mbwa-mwitu). Mtoto anafuata ukoo wa mama, na kwa desturi ukitaka kuoa unavuka upande wa pili. Ndani ya kila upande kuna koo nyingi, na kila ukoo una mali yake: nembo za wanyama, nyimbo, majina, hadithi, kofia, mavazi ya sherehe. Mali hiyo wanaiita at.óow. Wimbo wa ukoo mwingine huuimbi bila ruhusa, na nembo yao huichori.

Kuna jambo lililonigusa kuliko yote. Ukoo wa upande wa Kunguru ukitaka kusimamisha nguzo (gogo refu lililochongwa nembo za wanyama), kwa desturi hauchongi wenyewe. Unawaita watu wa upande wa Tai wachonge, kisha unawalipa hadharani kwenye ku.éex', ile karamu kubwa ya kumaliza msiba ambayo watu wa nje wanaiita potlatch. Malipo yale, mbele ya mashahidi, ndiyo yanayoipa nembo uzito wake.

Sasa mchoro. Tazama sanduku la zamani la Kitlingit. Kitu cha kwanza utakachokiona ni mstari mweusi mnene unaotembea bila kukatika: unanenepa, unakonda, unakunja kona, unaingia kwenye mwenzake, na mnyama mzima amejengwa na mstari huo. Ndani yake kuna mistari myekundu ya daraja la pili, na sehemu za mwisho zinapewa buluu inayoelekea kijani. Jicho, kiungo cha bega, kiungo cha mkia, vyote vinakaa ndani ya umbo moja linalorudi kila mahali: mstatili uliolainishwa pembe, umetuna juu, umebonyea kidogo chini. Manyoya na masikio yanatokana na umbo la herufi U. Rangi zenyewe walizitengeneza kwa kutafuna mayai ya samoni pamoja na gome la mwerezi, wakatema ule ute na kuuchanganya na mkaa, udongo mwekundu au madini ya kijani.

Kanuni hizi zilikuwa vichwani na mikononi mwa mafundi. Mwaka 1965 Bill Holm, msomi wa Seattle ambaye si mzawa wa makabila hayo, alichapisha uchambuzi wake baada ya kuchunguza mamia ya vitu vya kale. Vijana wazawa ambao wazee wao walikuwa wamezuiwa kuwarithisha ufundi walijifunza humo mengi waliyonyimwa, kisha wakarudi kwa wazee waliobaki kuuliza mengine.

Singletary alizaliwa San Francisco mwaka 1963 na kukulia Seattle. Hakuanza na patasi. Alikuwa mwanamuziki, na rafiki yake wa shule, Dante Marioni, ambaye baba yake ni msanii wa kioo, ndiye aliyemvuta kwenye karakana. Kazi yake ya kwanza huko, mwaka 1982, ilikuwa ulinzi wa usiku. Kutoka kwenye ulinzi akaingia kwenye timu ya wapuliza kioo, na baadaye akafika Pilchuck, shule ya kioo iliyoanzishwa mwaka 1971 kaskazini mwa Seattle na Dale Chihuly pamoja na familia ya Hauberg. Mwaka 1979 Lino Tagliapietra, fundi wa kisiwa cha Murano kule Venice, Italia, alikuja Pilchuck na kuanza kuwafundisha Wamarekani mbinu ambazo Murano ilizilinda kwa karne nyingi. Singletary alikulia kwenye ufundi huo, na Sweden pia alifanya kazi. Michoro ya kwao alianza kuijaribu kwenye kioo mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakuridhika na kunakili vitabuni. Aliwafuata wachongaji wa mti na kukaa nao, akiwemo Joe David wa Wanuu-chah-nulth, wazawa wa kisiwa cha Vancouver huko Canada, akajifunza mstari unavyotembea.

Kazi inafanyika hivi. Timu inachota kioo cha moto kwa bomba la chuma kutoka kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Wanapuliza, wanarudisha motoni, wanazungusha tena, na bomba halisimami hata kidogo, maana ukilisimamisha kioo kinalegea na kuinamia upande mmoja. Inatangulia rangi ya ndani, kisha juu yake tabaka la rangi nyingine, tuseme nyekundu ndani na nyeusi nje. Umbo likikamilika, chombo kinaingia kwenye tanuri la kupoozea na kupoa polepole, la sivyo kitapasuka.

Kikishapoa ndipo mchoro unapoanza. Chombo kinafunikwa kwa utepe, mstari unachorwa juu ya utepe, unakatwa kwa kisu chembamba, na sehemu zinazotakiwa kuliwa zinabanduliwa. Halafu kinaingizwa kwenye kabati la mchanga. Kompresa inapuliza mchanga kwa nguvu, mchanga unakula tabaka jeusi palipo wazi, na wekundu wa ndani unatokeza. Palipofunikwa panabaki peusi na pananing'ara. Kwa hiyo ule mstari mkuu hakuupaka. Umebaki baada ya vilivyouzunguka kuondolewa, vilevile mchongaji wa mwerezi anavyoondoa mbao na kuuacha mstari umesimama. Ndiyo maana nasema huyu hakulichukua pambo la mababu akalibandika kwenye chombo cha kizungu. Amepata njia ya kuchonga.

Mwaka 2018 makumbusho ya kioo ya Tacoma yalifungua maonyesho yake ya Kunguru na Sanduku la Nuru, na mwaka 2022 yakahamia Washington DC, kwenye makumbusho ya taifa ya Wahindi Wekundu. Msimamizi wa maonyesho hayo, Miranda Belarde-Lewis, naye ana asili ya Kitlingit. Hadithi yenyewe: dunia iko gizani, na tajiri mmoja kwenye chanzo cha mto Nass amefungia nyota, mwezi na mchana ndani ya masanduku. Kunguru, wakati huo bado mweupe, anajigeuza jani la mti lililo jembamba kama sindano, anaelea kwenye maji ya kunywa, binti wa tajiri anammeza na kupata mimba. Mtoto anazaliwa, babu anampenda kupita kiasi, na mtoto analilia masanduku. La kwanza anafungua, nyota zinaruka. La pili, mwezi. La mwisho ni mchana. Kunguru anatorokea kwenye tundu la moshi, na masizi ndiyo yanayomfanya mweusi hadi leo.

Mwerezi unaweza kuisimulia hadithi hii, lakini hauwezi kuipitisha nuru ndani yake. Pale makumbusho taa inapita kwenye sanduku la kioo na mchoro wa ukuta wa sanduku unaangukia sakafuni. Watu wanaukanyaga bila kujua, kisha wanainamisha vichwa.

Hoja yangu ni hii: mali ya ukoo ni mchoro na hadithi. Mti, kioo na chuma ni vya kubebea. Msanii wa leo ana uhuru mpana kwenye cha kubebea na uhuru mwembamba sana kwenye kinachobebwa, na huo wembamba ndio uliomkomaza. Nawasilisha.

Mzee wa Ilala

Mleta uzi, umeandika kwa kutulia na nimesoma yote. Lakini sikubaliani nawe. Watlingit walichonga mwerezi kwa sababu ndio msitu wao. Walijua uliota wapi na uliangushwa lini. Kioo ni ufundi wa Venice, mafunzo ni ya Venice, na mnunuzi ni tajiri wa Seattle. Nembo uliyosema inatoka mbele ya mashahidi leo imekaa sebuleni kwa mtu asiyejua hata maana ya ukoo. Kilichobaki ni nini hapo?

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nianze na hili la malighafi. Yako mavazi ya sherehe ambayo leo kila mtu anayaona ni asili kabisa ya pwani ile: blanketi jeusi au la buluu, nembo ya ukoo ya kitambaa chekundu mgongoni, imezungushiwa vifungo vyeupe vinavyometa. Blanketi lile la sufu lililetwa na wafanyabiashara kama Hudson's Bay, na vifungo vya lulumizi vililetwa na meli. Nyekundu kali kwenye masanduku mengi ya karne ya 19 ni rangi ya unga iliyotoka China. Watlingit hawakuogopa kitu kipya. Walikipokea, wakakilazimisha kufuata mstari wao. Kioo nacho hakikuwa kigeni, maana shanga za buluu zililetwa na Warusi na wengine na kuwa mali ya thamani majumbani. Singletary mwenyewe hupenda kukumbusha hilo.

Kuhusu sebule, nakuelewa, na ni jambo zito. Ila tutenganishe. Kitu kilichotengenezwa kwa kuuzwa hakiwi at.óow kwa sababu tu kina mchoro. Ili kiwe mali ya ukoo lazima ukoo ukitoe hadharani kwenye karamu, kwa malipo na mashahidi. Kilichoumiza koo zile hasa ni cha ukoo kuuzwa kama bidhaa. Pale Klukwan kulikuwa na Nyumba ya Nyangumi, yenye nguzo nne za ndani na ukuta wa mbao uliochongwa, kazi ambayo wataalamu wanaihesabu miongoni mwa bora kabisa Alaska. Mwaka 1984 vitu hivyo vilitolewa kijijini na kupelekwa kwa muuzaji. Kijiji kikaenda mahakamani, kesi ikazunguka karibu miaka 10, mahakama ya kijiji chenyewe ikaamua mwaka 1993 kwamba ni mali ya ukoo ambayo mtu mmoja hana haki ya kuiuza, na vikarudi.

Mzee wa Ilala

Marahaba. Hilo la Klukwan sikulijua na nimelifurahia sana. Kwenye kioo bado nina yangu moyoni, ila endelea.

Bi Shanga

Nawasalimu nyote kutoka Mombasa. Kaka Mkazi wa Kent, umenigusa na hizo shanga. Watu wasidhani kioo cha Venice kiliishia huko Alaska. Karne ya 19 misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba mafungu ya shanga za Venice, na msafara uliobeba rangi isiyopendwa njiani ulilala njaa. Bibi zetu walizishona kwa mpangilio wao wenyewe, na hakuna aliyewaambia si zao.

Swali langu: hadithi yako yote ni wanaume, tanuri na nguzo. Wanawake wa Kitlingit wako wapi?

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Dada, umeuliza palipo na utamu wa mada nzima.

Kuna vazi linaitwa Chilkat, joho la mabegani lenye nyuzi ndefu zinazoning'inia na kucheza mchezaji anapocheza. Uzi wa kusimama ni sufu ya mbuzi wa milimani iliyosokotwa pamoja na gome la mwerezi wa manjano, na usokotaji ni juu ya paja, kwa kiganja. Fremu yake haina mti wa chini. Nyuzi zinaning'inia tu, na mfumaji anapanda kipande kwa kipande. Zamani mwanamume alichora kwenye ubao, mwanamke akafuma akiutazama ubao ule. Sasa fikiria: ule mstari unaonenepa na kukonda, yale macho ya mviringo, unayatoa kwenye nyuzi zilizonyooka! Wafumaji wa Chilkat wana namna ya kusuka inayozunguka kabisa, ili duara liwe duara lisilo na ngazi. Joho moja linaweza kula mwaka mzima na zaidi.

Ufundi huu ulibaki kwenye mikono michache sana. Mmoja alikuwa bibi Jennie Thlunaut wa Klukwan, aliyefariki mwaka 1986. Mwaka mmoja kabla, akiwa kikongwe, aliwafundisha kundi la wanawake, na miongoni mwao alikuwepo Clarissa Rizal wa Juneau. Clarissa alifuma, akafundisha, akachora, hadi kifo chake Desemba 2016. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilimpa heshima yake ya juu kabisa kwa wasanii wa jadi. Binti yake, Lily Hope, ameshika fremu. Wakati wa korona mwaka 2020 Lily alifuma barakoa kwa mbinu ya Chilkat, sufu na gome, na pembeni yake nyuzi zinaning'inia kama kwenye joho. Huyo hakusubiri mtu amruhusu kuwa wa kisasa. Ugonjwa uliingia Juneau, akaujibu kwa kile mama yake alichomwachia.

Na mama huyo aliacha kesi pia. Mwaka 1996 alifuma joho la mtindo mwingine wa zamani unaoitwa Ravenstail, wenye maumbo ya pembepembe meusi, meupe na manjano. Baada ya kifo chake, duka la kifahari la Neiman Marcus likauza koti lililofanana na joho lile kwa dola 2,555 na kulipa jina hilohilo la Ravenstail. Mwaka 2020 taasisi ya urithi ya Sealaska, iliyopo Juneau, ikalishitaki, warithi wakiwa wamesajili hakimiliki. Mwaka 2021 wakamalizana kwa makubaliano.

Bi Shanga

Dola 2,555 kwa koti la kiwandani, na aliyeumiza macho kwa joho lile yuko kaburini. Nashukuru wanawe walikuwa na karatasi mkononi. Wangapi huku kwetu wanazo?

Mwana wa Lualaba

Bonjour na salaam kwenu. Mimi mtu wa Katanga, naishi Canada. Niongeze kipande, kwa sababu mleta uzi aligusia wazee "waliozuiwa" akapita haraka.

Huku Canada potlatch ilikuwa kosa la jinai kuanzia mwaka 1885 mpaka 1951. Watu walifungwa, vinyago vikachukuliwa. Alaska haikuwa na sheria kama hiyo, lakini serikali na wamisionari waliisukuma ife, na mwaka 1904 pale Sitka ilifanyika iliyoitwa "ya mwisho". Kabla ya hapo, Oktoba 1882, jeshi la majini la Marekani lilipiga mizinga kijiji cha Angoon, likachoma nyumba, likaharibu mitumbwi na chakula cha majira ya baridi. Radhi imeombwa Oktoba 2024, miaka 142 baadaye. Na mwaka 1899 msafara wa tajiri Harriman ulikuta kijiji cha Cape Fox hakina watu kwa wakati ule, ukabeba nguzo na kuzigawa kwenye makumbusho. Zilirudi kwa wenyewe mwaka 2001. Nathan Jackson, mchongaji mkongwe wa Saxman, akachonga nguzo mpya kwa ajili ya makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard, mojawapo ya yaliyorudisha, kwenye gogo la mwerezi walilotoa wenyeji baada ya kurudishiwa za kwao. Mimi hilo la kurudishiwa na kisha kutoa zawadi limenishinda kulieleza.

Kwa hiyo ninyi mkibishana kioo ni asili au si asili, mkumbuke ni nani aliyekata mti huo kwanza.

Nina msanii mwingine wa kuweka mezani: Nicholas Galanin wa Sitka, Mtlingit na Mwunangax̂ (wazawa wa visiwa vya Aleutian, Alaska), kazaliwa 1979. Huyu kachonga na baba yake, kasomea ufua fedha London, kisha akaenda New Zealand kusoma sanaa za wazawa. Mwaka 2006 alitengeneza video mbili zinazotazamana. Kwenye ya kwanza kijana wa mtaani, mchezaji wa zile dansi za viungo kulegea, anacheza juu ya wimbo wa Kitlingit. Kwenye ya pili mchezaji wa Kitlingit aliyevaa mavazi kamili, mbele ya ukuta uliochongwa, anacheza juu ya muziki wa kompyuta. Hakuna anayekosea hatua. Na mwaka 2021 alisimamisha jangwani karibu na Palm Springs herufi nyeupe ndefu kuliko jengo la ghorofa tatu, kwa mtindo wa yale maandishi ya mlimani Hollywood, zikisomeka INDIAN LAND, yaani ardhi ya wazawa. Pale hakuna mstari mweusi, hakuna Kunguru. Je, mleta uzi, kwa kipimo chako hiyo ni kazi ya Kitlingit?

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Ndugu yangu, nakushukuru kwa historia hiyo, na swali lako ni la haki. Jibu langu ni ndiyo, ingawa kwa njia nyingine. Singletary anashika mchoro na kuhamisha malighafi. Galanin mara nyingi anauacha mchoro pembeni na kushika dai: ardhi ni ya nani, kitu hiki ni cha nani. Madai ya umiliki ndiyo kiini cha nembo za ukoo tangu mwanzo. Nguzo mbele ya nyumba ilikuwa inamwambia mgeni anayekuja kwa mtumbwi ni nani mwenye hapa. Herufi zile jangwani zinamwambia mgeni anayekuja kwa gari jambo hilohilo.

Moyo wangu uko zaidi kwa Singletary, nakiri upendeleo. Napenda mtu anayekaa ndani ya kanuni mpaka ziimbe.

Fundi Tezo

Habari zenu wakubwa. Mimi mchongaji, niko Mwenge, Dar. Nachonga mpingo na mninga. Nimefuata uzi huu tangu mwanzo kimyakimya, sasa nina jambo langu na naomba ushauri wa kweli.

Kuna mteja wa nje alikuja kupitia kwa dalali. Kanionyesha picha kwenye simu: kinyago cha kunguru mdomo mrefu, na vinguzo vidogo vya wanyama waliopandana, rangi nyeusi, nyekundu na hiyo buluu-kijani. Sikuzijua ni za wapi, ila nilipoziona picha humu nikashtuka, ndizo zenyewe. Anataka mzigo mkubwa, anasema ana duka la watalii. Bei yake ni nzuri kuliko ninayoipata kwenye vinyago vyangu. Advansi sijapokea. Mkono wangu unaweza kuvichonga, tezo na patasi ni zilezile. Nifanye nini?

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Fundi, karibu sana, na asante kwa kusema wazi.

Kwanza sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kukiita kazi ya mzawa wakati si kazi ya mzawa. Adhabu kwa mtu binafsi kwa kosa la kwanza inaweza kufika dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Si ya kwenye makaratasi tu. Mwaka 2023 mwenye maduka pale Ketchikan, katikati ya nchi ya Watlingit, alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa sababu alikuwa anauza michongo iliyotoka Ufilipino na kuwaambia watalii wa meli kwamba imechongwa na wazawa wa Alaska. Sheria ile inamlenga muuzaji anayedanganya. Wewe uliye Mwenge hawatakufuata. Lakini mteja wako akisema "kazi ya Alaska", uongo wake umesimama juu ya patasi yako.

La pili ni zito zaidi kwangu. Kunguru yule kwenye picha huenda ni nembo ya ukoo fulani, wenye majina, wenye nyimbo zake, waliomlipia mbele ya watu. Mchongaji wa Ketchikan anayeishi kwa kuwauzia watalii majira ya meli, kila kinguzo cha bei rahisi kinamtoa sokoni. Anachonga mwerezi kwa siku nyingi, analinganisha kila jicho na kila kiungo, kisha pembeni yake kuna kisanduku cha vinguzo vya bei ya chakula cha mchana.

Mzee wa Ilala

Fundi mwanangu, nami nakuongezea. Wewe unajua vizuri kuliko sisi: mti mweupe unavyopakwa kiwi ya viatu na kuuzwa kama mpingo, na wewe uliyechonga mpingo wa kweli unaambiwa bei yako kubwa. Hasira unayoipata pale ndiyo ya yule wa Alaska. Mimi na mleta uzi hatujapatana kuhusu kioo, ila hapa tuko pamoja kabisa. Usichonge.

Mwana wa Lualaba

Usichonge, fundi. Na huyo mteja muulize mbele ya dalali: kwa nini hawatafuti wachongaji wa huko?

Bi Shanga

Mimi nasema usichonge, lakini tusimwache mtu na njaa. Fundi, tuma picha za kazi zako mwenyewe humu. Hapa kuna watu wa nje na wa ndani wanaonunua.

Fundi Tezo

Nawashukuru sana. Nimezungumza na dalali, nimemwambia kazi ile siichongi, nikampa picha za mashetani na ujamaa nilizochonga mwenyewe amtumie mteja. Mteja hajajibu. Dalali kanuna, ila tutaonana tena. Bi Shanga, picha nitaziweka kesho nikipata mwanga mzuri.

Sasa mleta uzi, kilichonikaa kichwani ni kile kabati la mchanga. Nina mdogo wangu ana karakana ya vioo vya madirisha Keko, anaweka maua kwenye vioo vya ofisi na saluni kwa stika. Kompresa anayo. Nikifikiria mashetani yangu, yale mapengo katikati ya viungo, nayaona kabisa kwenye kioo kinene cha rangi mbili. Mchanga wenyewe ni huu wa kawaida wa kujengea?

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Hapana fundi, huo usiuguse! Vumbi la mchanga wa kawaida linaharibu mapafu na hayaponi. Karakana za huku zinatumia chenga ngumu za kiwandani, zile zinazotengenezewa msasa na mawe ya kunolea: silikoni kabaidi au aluminiamu oksaidi. Muulize mdogo wako kama muuzaji wake wa msasa anaweza kuziagiza. Hata ukizipata, kabati lifungwe vizuri, mikono ipite kwenye glovu zilizoshikizwa ukutani mwa kabati, na uvae kinyago cha kupumulia chenye chujio.

Kioo cha rangi mbili hamtakipata dukani kirahisi, kwa hiyo anzeni na kioo kinene kisicho na rangi. Utepe uwe mnene wa plastiki, au mpira mwembamba, maana karatasi inaliwa kabla kioo hakijaanza kuliwa. Kata pembe zote ziwe na mviringo mdogo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka upepo ukipiga. Na usimalizie kina kwa mkupuo mmoja. Piga kidogo, bandua kipande kingine cha utepe, piga tena, ndipo utapata viungo vyenye kina tofauti. Ukikwama popote, uliza humuhumu.